Sahihi Kumi na Tisa za Kalamu Moja

Enzi hizo mdomo wangu ulikuwa na mafuta. Kanisani kwetu Lanham, huku Marekani, nikianza stori kwenye chai baada ya ibada, watu walicheka hadi mandazi yanapaa. Ndiyo maana yule nesi alinitafuta. Alikuwa binti wa kwetu, anafanya kazi chuo kikuu cha pale jirani, College Park, kwenye utafiti wa presha unaolipiwa na serikali kuu. Alitaka kina mama wazee wa kanisa.

"Kaka, wapelekee hizi fomu wakae nazo tu. Nitakuja niwaeleze mwenyewe. Kila mtu asaini kwa mkono wake. Asiyejua kuandika ataweka alama mbele ya shahidi. Hii ikiharibika, kazi yangu imekwenda."

"Dada, hao nitakuletea hata waliokufa!"

Fomu ilikuwa nene kama godoro, Kizungu kitupu. Kina mama wakazigeuza geuza.

"Baba, hapa si wanatuuzisha figo?"

"Mama, figo yako hiyo ya mwaka arobaini na saba, nani ataitaka?"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja akasema, "Basi tuandikie wewe. Kwani nyumbani kwenye baraza la chifu, si mmoja anaandikia wote?"

Kweli, nyumbani hata mimi nilikuwa nikiandikia kijiji kizima. Nikatoa kalamu. Sahihi kumi na tisa, nyingine nimelaza kushoto, nyingine kulia, najiona fundi kuliko mchonga mihuri. Nesi alipokuja akashangaa.

"Wameshasaini? Wenyewe? Na wameelewa?"

"Wenyewe kabisa, dada. Wameelewa kukushinda."

Alichelewa siku hiyo, na aliniamini. Akawapima bila kuwaeleza.

Miezi ikapita, wakaguzi wa chuo wakampigia simu mama mmoja. Je, alisaini mwenyewe? Mama wa watu akajibu kwa furaha, "La, alitusainia sisi wote yule kijana wetu mcheshi, Mungu ambariki." Kijana, na mimi nina mvi mpaka kwenye nyusi!

Vipimo vyote vikatupwa. Nesi akaitwa ofisini. Mimi ndiye niliyempeleka siku hiyo, nikabaki kwenye gari, nikajiambia nitaingia, nitasema ni mimi. Mguu mmoja nikautoa nje. Nikaurudisha. Alipotoka alikuwa amebeba kikombe chake na sweta. Aliwaambia kosa ni lake, kwa nini aliniachia fomu.

Baadaye alipata kazi Sterling, mji wa mbali kidogo, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nilimfuata huko, nimejipangia vichekesho vya kumlainisha. Hakucheka hata kwa kimoja. Alitoa fomu moja tupu kwenye mkoba, akanisomea ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, pole pole, kama anavyosomewa mtoto.

"Unaweza kukataa. Ukikataa, hakuna atakayekukasirikia."

"Kumbe?" nikasema.

"Hilo ndilo nililotaka kuwaambia, kaka. Kabla ya kalamu."

Nilirudi Lanham kimya, barabara yote ile. Mimi!