Ukuta wa Akina Mama Yangu Kanisani Nyakatuntu

Nilikwenda Nyakatuntu kwa sababu mama yangu akishasema jambo, mjadala umekwisha. Radi ilikuwa imeunguza paa la kanisa la zamani la kwao, na kamati ikaona dawa ya paa ni kubomoa na kuta. "Nenda kawaambie wasibomoe," aliniagiza hapa Bukoba. "Matofali yale niliyabeba kichwani." Basi mimi, muuza vitenge, nikawa ghafla mtaalamu wa majengo ya kale.

Asubuhi nikapanda basi. Omurushaka nikashuka, nikala ndizi kwa maharage, nikachukua bodaboda ya kwenda Nyakatuntu, wilayani Kyerwa. Dereva aliniahidi barabara nzuri. Nzuri kweli! Mashimo yamepangwa vizuri, hukosi hata moja.

Nyakatuntu niliingia jioni, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye koti la suti na ndala, akanikaribisha kwa buni za kutafuna, kama desturi ya huku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Njoo uone maendeleo."

Maendeleo yenyewe yalikuwa kuta nne zenye masizi. Nikamweleza kwamba huko Ulaya kanisa kuu la karne nyingi liliungua, wakalirudisha vilevile, mpaka mbao za paa.

"Wenzetu wana muda," akanijibu. "Sisi tunataka vioo na vigae."

Sawa. Bila shaka Mungu naye alikuwa amechoka kusubiri vigae.

Kesho yake ikawa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Watu walikuja na nyundo, sururu na hamasa tele. Mwenyekiti akasali, akasema, "Anzeni." Hakuna aliyeanza. Zamani kila ukoo uliotaka ubatizo ulifyatua matofali yake na kujenga kipande chake cha ukuta, na mpaka leo kila mtu anakijua cha kwao.

"Tuanzie kwa hawa."

"Kwa nini kwetu? Nyinyi hamna ukuta?"

Adhuhuri ikafika bila tofali kuguswa. Kamati, kwa hekima yake kubwa, ikatangaza kwamba kanisa litakarabatiwa.

Nikapumua. Mapema mno! Fundi akakagua, akasema kuta ni nzima, isipokuwa kipande kimoja kilichoinama karibu na sakristia. Hicho lazima kishushwe. Cha nani? Cha akina mama yangu, waliohamia Bukoba. Loo, umoja ulivyorudi! Sururu zote ziliinuka pamoja.

"Asiguse mtu!" nikapiga kelele. Nilisimama mbele ya ule ukuta nikilia, kitenge changu kizuri kimejaa masizi, na wala sikuona haya. Fundi akaniachia niushushe mwenyewe, tofali moja moja. Yeye akachimba msingi mpya, akayapanga tena. Nilikaa huko mpaka ukasimama, mikono imejaa malengelenge.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta maneno. Nilipofika kwa mama nikaanza na salamu za watu, nikaja kwenye mvua, mwisho nikasema, "Mama, nisamehe. Kanisa limepona, ila kipande chenu kilishushwa. Nimekirudisha kwa mikono yangu."

Mama akashusha pumzi. "Afadhali."

"Afadhali?"

"Baba yangu alikuwa na haraka ya kubatizwa. Msingi aliukwangua juujuu tu, akasema Mungu atashikilia. Miaka yote nilisali upande wa pili, namwomba Mungu ukuta ule usimwangukie mtu." Akanishika viganja, akavitazama. "Wakishaezeka, unipeleke. Nataka nikae palepale chini yake."