Silfanise wa Fon Siwel, Aliyeyapa Maji Pa Kukaa

Alizaliwa Silfanise Dorvil mwezi Februari 1933, huko Fon Siwel, bonde lililo milimani nyuma ya mji wa Jeremi, kusini-magharibi mwa Haiti, ambako ukungu hukawia asubuhi hata watu wakasalimiana bila kuonana. Baba yake, Osiyis, alikuwa mpuliza kome. Sauti ya kome lile la baharini ikisikika, majirani walitoka na majembe kwenda kwenye konbit, kazi yetu ya ujima, ambapo watu wote hulima shamba la mmoja leo na la mwingine wiki ijayo, kwa ngoma na nyimbo. Masharti yake hayakuandikwa popote, lakini hakuna aliyeyasahau: aliyekulimia lazima ale kwako, na ukishalimiwa, zamu yake ikifika nawe utakwenda. Aliyelimiwa akaacha kulisha aliitwa jina ambalo haifai kuliandika katika masimulizi ya waamini.

Tangu utotoni Silfanise alitamani utawa, na mwaka 1954 sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kwa safari ya kwenda konventi ya Jeremi. Ndipo kikaja kimbunga cha Oktoba. Kilipopita, udongo wetu ulikuwa umeshuka wote baharini, na mlima ukabaki mifupa. Silfanise akalala kwenye nyumba isiyo na paa, akaota. Aliyaona maji yakishuka mlimani katika umbo la mwanamke mwenye haraka, gauni jeupe limechafuka pindoni, akipita mlango kwa mlango. Akamwuliza, “Shoga, unakimbilia wapi?” Yule mwanamke akajibu bila kusimama, “Sina pa kukaa hapa kwenu. Mngenipa, ningekaa.”

Alikwenda Jeremi kama ilivyopangwa, akamsimulia Mama Mkuu ndoto ile. Mama Mkuu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, “Watawa ninao, mwanangu. Wewe rudi kwenu ukayape maji viti.” Silfanise akarudi na sanduku lake kichwani, analia njia nzima. Hakuolewa. Alikuwa katekista wa kikanisa chetu, na kila Jumamosi aliongoza konbit ya kupanga mawe kukingama mteremko, ukuta mfupi juu ya ukuta mfupi, ili mvua ikishuka ipumzike. Miaka ikapita hivyo, kama kwenye usingizi mzuri. Udongo ukarudi, kahawa ikashika, na chemchemi ya chini ya mlima, ambayo ndiyo maji pekee ya Fon Siwel, ikatoka nene na baridi hata wakati wa kiangazi.

Majaribu yake yalikuja mwaka 1974, yamepakiwa kwenye magunia. Mradi mmoja kutoka ng'ambo uliahidi ngano kwa kila ajengaye ukuta wa mawe. Sina shaka na nia yao, na ile ngano tuliila kwa shukrani. Msimamizi aliyechaguliwa alikuwa Deriva Plezimon, baba yake Jislen, binti ambaye Silfanise alimsimamia ubatizo. Kuta zikajengwa upesi, zikaisha, na ngano nayo ikaisha. Sijui ni nani aliyegundua kwanza kwamba ukuta ulioanguka ni kazi mpya. Najua tu kwamba kuta zikaanza kuanguka hata pasipo mvua, na kila ulioanguka ulijengwa tena kwa gunia, ovyo, ili usichelewe kuanguka. Silfanise alipopuliza kome la marehemu baba yake, hakuna aliyetoka.

Chemchemi ikapungua. Kina mama walikaa foleni kuanzia alfajiri kwa ndoo moja, na familia zikaanza kufunga virago kwenda kubanana mjini Potoprens. Silfanise aliona kwamba kijiji kinakufa, akamkabili Plezimon mbele ya kikanisa.

“Baba Jislen, kuta siku hizi zinajiangusha zenyewe?”

“Mlima umezeeka, Dada Fanise.”

“Umezeekea mikononi mwenu!”

“Sala haijazi tumbo, dada. Wewe leta gunia, tutakuja mpaka na bibi zetu.”

Watu wakacheka, na inaniuma kuandika kwamba wengi wao walikuwa wametoka kukomunika.

Jumamosi iliyofuata, Machi 1976, aliingia na jembe katika shamba la huyo huyo Plezimon, lililo juu kabisa ya chemchemi, bila kualikwa, akaanza kupanga mawe. Mkewe Plezimon, Altagras, alisikia jiwe likigonga jiwe ndani ya ukungu.

“We Fanise! Nani kakuita?”

“Hakuna.”

“Basi toka shambani kwetu!”

“Nikimaliza mstari huu, Mama Jislen.”

Ukungu ukainuka, jua likapanda, na wapita njia wakaanza kusimama. Altagras akaingia ndani mbio.

“Mume wangu, yule mtu anatulimia, na mekoni hakuna hata moto!”

“Mwache, atachoka.”

“Akichoka yeye tutaaibika sisi. Mimi jina lile siitwi!”

Ilipofika adhuhuri, Plezimon alipanda mwenyewe na sahani ya shelisheli lililotwangwa, na mchuzi wa bamia. Silfanise alikaa juu ya jiwe, akala yote, akaomba nyongeza. Kisha akanawa, akasema, “Ahsante, ndugu yangu. Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Shamba langu unalijua.”

Alikuja kwa kununa, lakini alikuja. Jumamosi nyingine Silfanise akaenda kwa mwingine aliyemcheka, na Plezimon nyuma yake. Mara ya kwanza kwa hasira, baadaye kwa mazoea, mwishowe kwa furaha. Mradi uliondoka, na hakuna aliyeukimbilia. Mvua za mwaka 1978 zilipokoma, Altagras aliapa amesikia mtu akicheka chini ya jiko lake. Majirani wakateremka naye hadi chemchemini, wakakuta maji yamefika magotini.

Silfanise alifariki Agosti 1991 kwa homa. Plezimon alikuwa kando ya kitanda, akamwuliza kama anataka padri. “Padri ameshakuja,” alisema. “Wewe je, umeshakwenda kwa Elifet?” Elifet ni jirani aliyegombana na Plezimon juu ya mpaka wa shamba, hawakuwa wakiongea. Plezimon akainamisha kichwa, na Silfanise akaondoka duniani. Siku ya pili baada ya maziko, tulimwona Plezimon akiingia shambani kwa Elifet na jembe. Elifet alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamtazama asubuhi yote. Kisha akaingia ndani, na tukaona moshi wa jiko lake.

Kanisa halijatamka lolote juu ya Silfanise, nasi hatulitangulii. Wako wanaodai kulisikia kome likilia ndani ya ukungu siku za Jumamosi, siwakatalii. Ila anayetaka kumheshimu asilete maua kaburini. Na atafute shamba la mtu asiyesalimiana naye, aingie na jembe, na asitoke mpaka aletewe chakula.