Wifi na Wageni Wasiovaa Nguo

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema kabla wifi yangu hajanitangulia kulisema. Wageni waliniuliza kwa adabu, jioni ile ya kwanza, bakuli za mchuzi zikiwa mikononi mwao: je, wakivua nguo hapa pwani, mimi nitaona vibaya? Nami nikawajibu kama mama alivyonifunza kumjibu mgeni yeyote: "Hapa ni kwenu."

Hapa ni kwenu! Mtu wa kwetu ukimwambia maneno hayo ndipo anapozidi kukaa kwa heshima, hata maji ya kunywa anaona haya kuomba mara ya pili. Hawa walishukuru, wakaingia hemani wakalala. Asubuhi nilipotoka na birika la chai nikawakuta wamekaa mbele ya hema lao kama walivyozaliwa, mume na mke, wanakula papai. Lahaula! Nusura birika linianguke miguuni.

Nieleze kwanza mahali penyewe. Ni shamba la minazi la marehemu baba yetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini kwetu Chundwa, linashuka mpaka mchangani. Kaka yangu ndiye anayelilima. Mimi nilipoachwa na mume wangu nilirudi kwa kaka, nikakaa jikoni kwa mkewe miezi minane. Wifi hakunitukana hata siku moja, sitamsingizia. Alinunua leso iliyoandikwa "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akaivaa mpaka ikapauka. Nikiteleka chungu changu kwenye mafiga ya kulia, nikitoka kidogo na kurudi nakikuta kushoto. Mimi nami nilinunua leso yangu ya kumjibu. Ilivyoandikwa sitasema, maana naona haya mpaka leo.

Mwisho nikamwomba kaka kipande cha shamba cha upande wa bahari. Nikajenga banda la makuti, jiko, choo na kiwambo cha kuogea, nikawa nawakaribisha wasafiri wenye mahema. Wazungu wenye fedha wanakwenda hoteli za Ras Kitau. Nawajua, nimepika huko miaka tisa, na Kizungu changu nilikiokota huko huko jikoni. Wanaokuja kwangu ni wale wanaozunguka dunia kwa mabasi na kwa malori, wanachemsha dengu zao wenyewe na kushona viatu vyao vikipasuka. Kaka alikubali kwa sharti moja. "Siku nitakayosikia neno juu ya wageni wako, nafunga, na wewe warudi nyumbani," alisema. Nyumbani maana yake jikoni kwa wifi, na mimi nilikuwa radhi kulala na kaa mchangani kuliko kurudi pale.

Na maneno yalikuwa yameshaanza. Wazee wawili wa msikiti walimwambia kaka kwamba wanataka kuja kujionea wenyewe hayo mahema, watazame kama pana heshima. Siku iliwekwa: Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri. Wageni wangu walifika Jumatatu.

Walikuwa watu wazima, wamepita miaka sitini wote wawili, na wema wao siwezi kuutia dosari. Bibi alikuwa mwalimu aliyestaafu. Mumewe alinitengenezea bawaba ya mlango bila kuombwa. Walikuwa wametoka kusini kabisa mwa Afrika, wanapanda polepole kwa miezi, na hema lao lilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa. Walinionyesha picha kwenye simu: kambi za nchi zao ambako kuvaa au kutovaa ni hiari ya mtu. Huko, waliniambia, kulala ni rahisi na watu hawana makuu, hakuna anayemtazama mwenzake. Kulikuwa na picha ya mzee mmoja amesimama anakaanga mayai, uchi wa mnyama. Mimi mpishi niliona jambo moja tu pale: mafuta yakimrukia, je?

Mtu ataniuliza, kwa nini sikuwakataza? Kizungu ninacho, ulimi ndio uliogoma. Nilikwisha kusema hapa ni kwenu. Kumrudisha mgeni nyuma baada ya neno hilo, kwetu sisi, ni kumvua nguo yeye. Basi nikafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa visiwa hivi angelifanya. Nilifungua kasha langu, nikatoa doti mpya ya leso, rangi ya bizari, imeandikwa "Mwenye haya hapungukiwi," nikampa bibi kwa mikono miwili. Alifurahi mpaka akanikumbatia. Saa ile ile wakaitandika mchangani, wakalala juu yake wakaota jua, maandishi yote yakiwa chini ya makalio yao. Nilirudi jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikakuna nazi tatu nisizokuwa na haja nazo.

Tangu siku hiyo nikawa askari. Sikuoga vizuri, sikulala mchana. Nikisikia mguu wa mtu ndiani, natoka mbio kumlaki nusu ya njia. Mkwezi alipokuja kuangua nazi nikamwambia minazi ya upande wangu imeingia nyuki. Astaghfirullah, hata nyuki niliwasingizia. Ijumaa niliwashauri wageni waende Siyu wakaione ngome, walale huko siku mbili. Wakasema pwani yangu imewapendeza, wataenda wiki ijayo. Nikawaambia kwamba kesho, baada ya adhuhuri, wazee wa mji wanakuja kututembelea. "Vizuri sana," bibi akasema, "tutavaa nguo zetu nzuri." Wallahi, nusura nilie kwa furaha. Niliona Mungu amenifungulia.

Jumamosi ilikuwa bamvua, na bamvua la siku hiyo lilitoa maji mbali, mwamba wote ukawa wazi. Kiasi cha saa nne nilikuwa naosha mchele wa pilau ya wazee nilipowaona wanawake wa Chundwa wanateremka kwa vikapu vyao na vyuma vya kuchokolea pweza. Walikuwa saba au wanane. Mmoja nilimjua kwa mwendo tu, maana ule mwendo nimeutazama miezi minane: wifi.

Nikatupa mchele. Mume alikuwa amelala chali karibu na hema. Bibi simwoni. Nikamwuliza yuko wapi, akanyoosha kidole: kule mwambani, kwenye madimbwi, anaogelea. Nikatazama nikaona kichwa cheupe majini, na wanawake wale wanazidi kumkaribia, wameinama wanatafuta pweza. Nilitaka kwenda mbio, nilitaka kupiga ukelele, nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Sijafanya hata moja, bibi akapiga ukelele yeye.

Sijapata kusikia sauti kama ile kwa mtu mzima. Alikuwa amemkanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Maji ya dimbwi yakageuka mekundu. Alijitoa mwenyewe akaanguka juu ya mwamba, hana hata uzi mwilini, ameshika kifundo cha mguu. Mumewe naye akainuka pale alipolala akatoka mbio kumfuata mkewe, hivyo hivyo alivyo, akiwaelekea wanawake wa watu!

Hapo ulimi wangu ukafunguka, kwa lugha zote mbili. "Kaa chini! Kaa majini! Usiinuke!" Masikini, alikuwa mtiifu. Alijitupa katika dimbwi la kwanza lililomfika kifuani, akabaki hapo analia jina la mkewe.

Nilipofika kwa bibi, wifi alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti anaubana ule mguu kwa leso yake ya kichwani, nywele zake wazi, damu mpaka viwikoni. Akaniinulia uso. Nikajua basi, yamekwisha, kasha langu na godoro langu vinarudi Chundwa leo hii.

"Wasimama nini?" akasema. "Shika huko!"

Na ndipo mmoja wa wanawake aliponyoosha mkono kuelekea pwani. Kaka alikuwa anakuja, na wazee wawili nyuma yake. Mzee mmoja alikuwa na harusi mchana, kwa hiyo wakaona waje asubuhi, wapite ufukweni kwa kuwa maji yametoka. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mtu wa Amu, alikuwa akitusimulia juu ya shiraa. Zamani wanawake wa nyumba kubwa wakitoka, walitembea ndani ya nguo pana iliyoinuliwa kwa vijiti pande zote, ikawa ni chumba kinachotembea, na mpita njia haoni hata kidole. Alisimulia kwa fahari. Waliokuwa wakishika vijiti hakutuambia ni kina nani, nasi tulipokua tukajua ni watumwa. Mimi niliona ni hadithi tu. Siku ile wifi alisema neno moja, "Leso," na kila mwanamke akafungua ya kiunoni akabaki na dera lake. Wakaziinua kwa mikono yao, ncha kwa ncha, pande zote nne, na mimi na wifi tukamwinua mgonjwa katikati. Tukaanza kwenda. Leso zilikuwa za kila rangi, na ile ya wifi iliyopauka ilikuwa mbele ya pua yangu: mgeni siku mbili.

Tukakutana na kaka na wazee mchangani. Nilisikia viatu vyao vikisimama.

"Kuna nini humo?" Sauti ya kaka.

"Mna mgonjwa," wifi akajibu. "Mwanamke. Geukeni."

Wakageuka. Lakini walipogeuka waliielekea bahari, na baharini yuko mume, amekaa dimbwini maji yakimfika kifuani. Niliona kupitia upenyo wa leso mbili. Ee Mola wangu! Naye alipowaona wazee wenye kofia zao na kanzu zao, akainua mkono akatoa salamu niliyomfundisha mwenyewe siku ya Jumanne: "Asalaam alaykum!"

"Wa alaykumu salaam," wazee wakaitikia. Na mmoja wao, yule mpole zaidi, akapandisha kanzu yake, akaanza kuteremka kwenda kumpa mkono.

Sikuweza kutoka. Ningetoka, bibi angeanguka. Nilimwona mzee anaweka mguu majini, na nilimwona mgeni wangu, mwenye adabu zake, anashika jiwe ili ainuke amlaki mtu mzima.

"Sheikh!" wifi akapaaza sauti ile anayoitia mbuzi. "Mgonjwa ataka kufikishwa bandarini! Tuleteeni punda, upesi, damu haikatiki!"

Mzee akasimama. Akatoa mguu wake majini. Wakaondoka wote watatu kwa mwendo wa haraka kuelekea mji, na mgeni wangu akaketi tena.

Bandani tulimwekea bibi mguu katika maji ya moto, moto wa kuvumilika tu, maana sumu ya taa haiogopi kitu ila hicho. Polepole akaacha kulia. Alikuwa amefungwa leso tatu, na wanawake wamemzunguka wanampepea. Hapo nikamwambia, mbele ya watu, kwa maneno yasiyo na pambo: "Hapa watu wanavaa. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza, sikukuambia."

Akanitazama, macho yamevimba. "Kwa nini hukusema?" akaniuliza. Nikainama nikamwongezea maji ya moto.

Punda akaja, maji yakajaa, boti ikawapeleka kwa daktari, na baada ya wiki walinitumia picha ya mguu, umefungwa lakini mzima. Bibi amevaa leso yangu ya bizari, ameifunga vizuri.

Kaka alikuja Jumapili. Nilimngojea nimesimama, kasha langu nimeshalifunga. Akatazama banda, akatazama minazi. "Wazee wamepaona, hapana neno," akasema. "Wamempenda sana yule mzungu. Yumo majini, ana taabu zake, na salamu hakuisahau." Kisha akaniuliza kuhusu nyuki.

Jioni ile nilizikunja leso za watu, nimezifua na kuzifukiza udi, nikatia chungu cha samaki wa nazi kichwani, nikaenda Chundwa kwa miguu yangu mwenyewe. Wifi alikuwa jikoni. Nikampa leso yake ya kichwani. Doa la damu halikutoka lote, nikamwambia nitamnunulia nyingine.

"Wacha," akasema. "Imeshafanya kazi."

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwuliza kama alishtuka sana kuwaona wale watu vile.

"Kushtuka?" Akacheka. "Tangu Jumanne twawaona. Mwamba mzima wawajua. Twapita upande wa pili, twainamisha mato, twaokota pweza wetu."

Siku nne! Siku nne mimi nimesimama juani nalinda siri ambayo wanawake wote wa Chundwa wanayo. "Na hukumwambia mumeo?"

Wifi akaacha kupepeta mchele, akanikazia macho. "Nimwambie, ili urudi jikoni kwangu?"

Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Tukaangua kicheko wote wawili, kicheko cha kushika mbavu, mpaka kaka akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Nililia pia, sitaficha. Muda wote huo nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiliogopa jiko lile.

Tulipotulia nikakumbuka samaki wamepoa. Nikainua chungu, nikasimama nacho mbele ya mafiga, sijui nikiweke wapi. Wifi alikuwa ameinamia ungo wake. Nikakiweka kulia, nikatoka kwenda kunawa mikono. Niliporudi kilikuwa hapo hapo, kinachemka.