Jina Lililotangulia Chafya

Edinah hakuwa mtu wa kubembeleza. Mkunga huyu wa Boito, mwenye viganja vipana na ulimi usio na breki, aliwafokea waume, akawafokea mama wakwe, na mwanamke aliyepiga mayowe kabla ya uchungu wenyewe kufika aliambiwa aihifadhi sauti, ataihitaji. Ila kwa jambo moja alikuwa mpole kupita kiasi. Mjamzito akija kwake, kabla hata ya kumpapasa, Edinah aliinama na kulisalimu tumbo. "Chamgei," alisema, salamu ileile anayopewa mtu mzima njiani. Kisha alinyamaza, kichwa upande, akingoja.

"Ukimsalimia usikimbie," aliwafundisha. "Ngoja. Mtu akisalimiwa anajibu."

Wapo waliomcheka. Miaka ile ya tisini mimba haikuwa habari ya kuzungumziwa. Ulifunga leso yako, ukabeba kikapu mgongoni, ukachuma chai mpaka siku ikukute. Nguo za mtoto hazikununuliwa mapema, na jina ndio kabisa. Jina lilingoja siku ambayo akina mama wazee wangemzunguka mtoto wakitaja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, hadi apige chafya. Marehemu aliyetajwa wakati huo ndiye aliyemkubali. Kabla ya chafya, mtoto alikuwa mgeni tu, hajaamua kama anakaa. Edinah alikuwa ameketi katika duara hizo mara nyingi na hakuona kosa lolote. Kilichomkera yeye ni wasichana waliojifungua na kugeuza uso ukutani, kana kwamba wamepokezwa mtoto wa jirani. Alitaka wafike siku ya kujifungua wakiwa wameshajuana na mtoto.

Rodah aliletwa na mama mkwe wake, Tecla, mimba ikiwa ya miezi mitano. Alikuwa ameshazika watoto wawili, wote waliozaliwa bila pumzi. Hakuligusa tumbo lake hata kidogo. Mikono ilikaa mbali nalo, mara mfukoni, mara nyuma ya mgongo.

"Kogo, mimi siwezi ongea na hii tumbo," alisema. Kogo ni nyanya, na wanawake wote wadogo walimwita hivyo. "Imenidanganya mara mbili."

"Tumbo ndio ilikudanganya. Huyu mtoto hajakudanganya. Hata hajui wale wengine."

"Na akikufa?"

Hapo ndipo Edinah alipopaswa kufunga mdomo. Lakini alimhurumia, na huruma ikamponza. "Huyu hawezi kufa," akasema, "akijua kuna mtu anamngoja."

Basi Rodah akaanza. Kila Jumapili baada ya kanisa alipitia kwa Edinah. Kwanza aliweka kiganja tu, akakiondoa upesi. Baadaye akanong'ona salamu huku ameinamisha uso kwa haya. Halafu akagundua jambo. Kule mvua hunyesha karibu kila alasiri, na ikipiga mabati huwezi kumsikia aliye kando yako. Mabati yalipoanza tu kuvuma, mtoto aliruka.

"Anapenda mvua, Kogo. Ikianza, anaamka." Rodah alicheka, na Edinah hakuwahi kuyaona meno yake hadi siku hiyo. "Nimemwita Cherop."

Cherop, msichana wa mvua. Edinah alijua vizuri kwamba Tecla angewaka moto: mtoto hajazaliwa, hajapiga chafya, tayari ana jina. Alipaswa kumkanya. Badala yake aliutazama ule uso uliochangamka, roho yake ikajaa furaha na, tuseme ukweli, majivuno kidogo. Akainama. "Chamgei, Cherop." Wakangoja wote wawili, na Cherop akajibu kwa teke.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, mvua ilinyesha na Cherop hakujibu. Rodah alisalimu, akangoja, akasalimu tena. Hakungoja mvua ikatike. Alifika kwa Edinah amelowa chapachapa, matope hadi magotini, akajilaza mwenyewe kitandani bila kuambiwa. Edinah aliweka viganja. Aliweka sikio. Akaita lile jina, kwanza polepole, kisha kwa sauti ya kuishinda mvua. Hospitalini waliwaambia kile ambacho wote wawili walikuwa wamekijua tangu kule kitandani.

Alikuwa msichana, mwenye nywele tele. Wanawake walimfunga kwa leso wakamzika pembeni mwa shamba la chai siku hiyohiyo. Tecla hakuwa na roho mbaya. Alifanya kama alivyofanyiwa yeye. "Hakuna mtu amekufa hapa," alimwambia Rodah waliporudi nyumbani. "Hajapiga chafya, hana jina. Usilie, utafungia wengine njia."

Kwa wale wawili wa kwanza maneno hayo yalikuwa yamesaidia. Rodah aliyashika, akaoga, akarudi kuchuma chai. Safari hii alimtazama Edinah, mtu pekee mle ndani aliyelijua jina, akingoja alitamke. Edinah akamtazama Tecla, akatazama chini. Hakulitamka. Aibu ya dakika hiyo haikumtoka tena.

Walipobaki peke yao Rodah aliongea bila kupandisha sauti. "Wale wengine sikuwajua, Kogo. Huyu nilimjua, na ni wewe ulinijulisha. Sasa nifundishe kunyamaza."

Tangu siku hiyo wajawazito walipokuja Edinah aliwapapasa kimya, akanawa mikono, akawaambia waende.

Wiki chache baadaye yeye na Rodah walichuma pamoja kwenye shamba la Tecla. Mawingu yakashuka kama kawaida, matone ya kwanza yakagonga majani, na wachumaji wakajifunika nailoni wakakimbilia kibandani. Rodah alibaki katikati ya mistari ya chai. Kiganja kilikuwa juu ya tumbo lililokwisha kunywea, kichwa upande.

Edinah alimrudia, akamshika mkono. "Twende, mtoto wangu. Unanyeshewa."

"Ngoja kidogo, Kogo," Rodah alisema. "Nimemsalimia."