Tulipongojea Matundu Madogo

Nilipaswa kusema hapana siku ile shemeji yangu mkubwa aliposema tungoje. Nilikuwa kwenye kiti changu mwenyewe, katika nyumba yangu ya mtaa wa Kapata, na nikaitikia kwa kichwa.

Mke wangu alikuwa na kansa ya utumbo mpana. Alitoa damu chooni muda mrefu akinificha, kisha akakonda hadi kitenge kikamzunguka mara mbili. Daktari wa upasuaji hapa Kolwezi alitaka kumpasua wiki iliyofuata: afungue tumbo, akate kipande kibovu, aunganishe ncha mbili. Nikamuuliza kuhusu upasuaji wa matundu madogo na kamera, niliousikia redioni.

"Ni mzuri, tata," alisema. "Kidonda kidogo, maumivu kidogo, mgonjwa anarudi nyumbani mapema. Lakini kipande kinachotolewa ni kilekile. Mimi hapa sina vyombo hivyo, na ugonjwa huu hautatungojea."

Kwetu mume haruhusu mtoto wa watu akatwe kabla ndugu wa mke hawajakubali. Kaka zake watatu wakaja. Mkubwa wao alisikia kwamba madaktari wa matundu madogo wangefika Lubumbashi mvua zikianza.

"Shemeki, dada yangu si karyeri ya Mashamba," alisema. "Hatutaacha bamufungue vile, bitu yote inje. Tungoje bale ba kamera."

Wadogo zake wakacheka; Mashamba ni mgodi wa wazi, shimo kubwa karibu na mji. Mimi pia nilicheka. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi chini ya ardhi, na sisi wa chini tuliwadharau watu wa karyeri, wa machimbo ya wazi, wanaofumua mlima mzima mchana kweupe. Tuliamini fundi wa kweli anaingia kwa tundu dogo, anachukua madini, anatoka, na juu majani yanaendelea kuota. Nikalipima tumbo la mke wangu kwa akili ya shimoni. Tena, niseme kweli, niliogopa kidonda kirefu ambacho ningetakiwa kukiosha.

Yeye alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Munaongea tumbo ya nani kule?" aliuliza. "Hii tumbo ilishabeba batoto tano, kovu itaiharibu nini? Bapasule. Mi sitaenda kuionyesha ku soko."

"Mama, acha bakubwa bamalize," nilimwambia.

Nikasikia sufuria ikiwekwa mekoni.

Mvua zilianza, madaktari hawakuja. Tukaambiwa Noeli ipite kwanza. Halafu vyombo vilikwama mpakani. Shemeji alinipigia simu, "Bado kidogo," nami nikampelekea mke wangu maneno hayo kana kwamba ni habari njema. Naye alikula uji, kisha nusu ya uji, kisha vijiko.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha, alishindwa kabisa kwenda choo. Tumbo likavimba, likawa gumu, akaanza kutapika uchafu. Siku hiyohiyo daktari yuleyule alimfungua, kutoka chini ya kifua hadi chini kabisa ya kitovu. Kidonda kilikuwa kirefu kuliko kile tulichokikimbia. Hakuweza kuunganisha kitu. Alitoa mdomo wa utumbo ubavuni, akaufungia mfuko wa kupokea choo. Kansa ilikuwa imeingia kwenye ini.

"Kwenye picha ya kwanza tuliyompiga, kabla ya mvua, ini lilikuwa safi," aliniambia.

Wiki saba nilibadilisha mfuko ule kwa mikono yangu, nikaosha na kidonda. Siku ya tatu nilikuwa nimeshazoea. Yeye akanitazama nikikausha ukingo wa ngozi.

"Uliona, tata? Ni kovu tu."

Alikufa asubuhi moja, mwisho wa wiki hizo saba, kabla sijamaliza kuchemsha maji ya kumwogesha.

Daktari hakuniahidi kwamba angepona kama angepasuliwa mapema. Aliahidi kujaribu tu. Mke wangu alikuwa tayari, alisema kwa sauti, nasi sote tulimsikia. Mimi nilimnyamazisha ili niwaridhishe kaka zake na niepuke kidonda. Kungoja kule kulinigharimu mke wangu.