Sabina Alipopiga Hodi Porini

Jamani, sijui hata nianzie wapi. Tangu Jumanne kila simu ikiita nadhani ni Sabina, halafu nakumbuka ametutoka.

Wengi mlimjua kama mwalimu wenu pale Mpanda. Mimi nilimjua kabla hajawa mwalimu wa mtu, miaka ya tisini, tulipofanya field pamoja.

Tulikuwa tumemaliza form four, hatuna kazi. Akaja mzungu mmoja, tukamwita Dokta, anachunguza utalii: unamfaidisha nani, unamuumiza nani. Alitaka vijana wawili wa kuuliza maswali vijijini. Tukapata sisi.

Kule Ugalla tulimuuliza mrina asali mmoja, "Wageni wangapi wanafika hapa kwa mwaka?" Akaanza kutaja shemeji zake, mmoja mmoja. Mimi naandika tu. Sabina akanifinya: "We, unaandika mashemeji kuwa watalii?" Tulicheka mpaka mzee naye akacheka.

Fomu ilikuwa na safu mbili, Wageni na Wenyeji. Dokta alikuwa na sharti moja: haliandikwi jambo mpaka tulishuhudie sote wawili.

Siku moja akataka tuingie ndani ya hifadhi, sehemu ambayo kipeperushi cha watalii kilisema ni pori ambalo halijawahi kukaliwa na mtu. Sabina alikisoma mara mbili. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mimi nimezaliwa hapo. Panaitwa Kalubwe. Tulihamishwa nikiwa mdogo, ndiyo tukaja Kakese."

Getini wakamwandika kwenye daftari: mgeni. Akasaini. Siku hiyo hakutania tena.

Njiani mbung'o walitutafuna hadi kupenya suruali. Saa sita mchana tukafika penye mlimau mmoja, umezaa, uko peke yake katikati ya miti ya pori. Pale mbung'o wakatoweka. Hakubaki hata mmoja. Sikuipenda ile hali.

Sabina akavua viatu, akasimama mbele ya majani matupu, akapiga hodi. Alipiga kama mtu aliyefika mlangoni, halafu akasubiri.

Ikaitikiwa.

Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye akavua kofia taratibu, akatazama chini. Dokta alikuwa nyuma anapiga picha twiga. Akauliza, "Nani ameongea?"

"Wenyeji," Sabina akamjibu. "Andikeni wapo. Hapa ni kwetu."

Dokta akanigeukia mimi. "Na wewe umesikia?"

Nikasema ni ndege.

Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Na siyo sauti tu. Niliogopa Dokta ataacha kuandika watalii, aanze kuniandika mimi, nitokee kwenye kitabu chake huko Ulaya kama mtu wa mizimu. Sikutaka kuwa kivutio. Kalamu nilikuwa nayo mimi, na kwenye safu ya Wenyeji nikajaza: hakuna. Ripoti ikatoka hivyo. Kalubwe haimo.

Sabina hakunigombeza. Alichofanya ni kuniuliza swali moja, miaka yote.

Kwenye harusi yangu, nimevaa suti ya kuazima, akanisogelea kunipa mkono: "Kaka, ndege gani yule?"

Tukakutana sokoni Majimoto, amefuata mchele: "Kaka, hujamkumbuka tu yule ndege?" Watu walidhani ni utani wetu. Mimi nacheka, nabadilisha mada.

Wiki iliyopita hospitalini sauti yake ilikuwa imekwisha. Akanivuta mkono. "Ndege gani, kaka?" Nikamwambia apumzike kwanza, tutaongea. Nilijua kabisa anachotaka, na nikamnyima.

Jana msibani nilipewa nisome wasifu wake. Umeandikwa alizaliwa Kakese. Nikausoma ulivyo, nikakaa chini.

Jeneza lilipoanza kushushwa, shangazi yake, bibi mtu mzima sana, akaanza kulia na kuita, "Kalunde, mwanangu. Kalunde." Nikamuuliza kijana wa pembeni, Kalunde ni nani? Akasema ndiye Sabina mwenyewe. Jina hilo alipewa na bibi yake, na huyo bibi alizikwa hukohuko Kalubwe. Walipohamia Kakese wakaanza kumwita la ubatizo tu.

Nikamwomba alirudie hilo jina.

Maana ile sauti haikusema "karibu" tu. Ilikuwa ya mama mtu mzima, ikasema, "Karibu, Kalunde." Nililisikia jina waziwazi kama ninavyoisikia redio. Miaka yote nimejifariji kwamba haikuwa inatuita sisi, kwa sababu kati yetu hapakuwa na Kalunde.

Nimelia sana leo. Nasikia aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Dada, nilisikia. Nilisikia siku ileile, na wewe ulijua. Ulizaliwa Kalubwe, na watu walikuwepo. Nayaandika haya mbele ya kila mtu, nimechelewa, nisamehe.

Pumzika salama, Kalunde.