Sanduku la Mukau la Mama Mkwe

Mkono wangu wa kushoto hauna nywele hata moja kuanzia kiwiko hadi penye saa. Si ugonjwa. Ndipo ninapojaribia makali ya patasi: nainoa, naipitisha juu ya ngozi, na nywele zikianguka bila kuuma najua imekubali. Mzee mmoja wa kanisa letu hapa Kilungu aliwahi kunivuta pembeni baada ya ibada akaniuliza kwa upole huo mkono una nini. Nilimwambia ni useremala. Akanipa pole vilevile.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, si fundi. Mambo haya yalinianzia pale fundi mmoja wa njiapanda aliponunua mashine ya umeme na kuiacha randa yake ya mkono nje, inyeshewe na kuliwa na kutu kama kitu kisicho na mwenyewe. Nilimkaripia hadi akanipa ili ninyamaze. Nikaisugua, nikainoa Jumamosi nzima, kisha nikaisukuma juu ya ubao. Utepe wa mbao ukatoka ukijikunja, mwembamba hata mwanga ulipita. Nilicheka peke yangu. Nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona, akauliza kama ubao ulikuwa na haja ya kukonda. Kipya kinyemi, wanasema, na mimi kinyemi changu hakijaisha hadi leo.

Nikiwa katika furaha hiyo, nilitangaza kwamba nitamtengenezea mama mkwe sanduku la nguo.

Hapa lazima nieleze. Sisi Wakamba tuna heshima ya ukwe tunayoiita nthoni. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini mama mkwe wangu, anayeishi kule Kitui, hajalegeza hata kidole. Nikiingia uani, yeye yuko jikoni. Salamu zake huletwa na mke wangu, na zangu hurudishwa na mke wangu, hata tukiwa hatua kumi kutoka kwa kila mmoja. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hakuwa ameniambia neno hata moja yeye mwenyewe. Sikujua kama alinipenda au alinivumilia, na jambo hilo lilinikera kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Nilitaka neno moja kutoka kwake. Niliamua nitalipata kwa randa.

Mbao nilizipata kwa mkulima wa karibu na Kiboko: mukau, mti wa nyika yetu ambao hata mchwa wanauheshimu. Pembe niliziunga kwa meno yanayoumana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. Jozi ya kwanza ilikuwa na nafasi za kupitisha panya. Ya nne ilibana hadi nikaipiga busu. Mke wangu aliliona hilo busu na bado analitaja mbele ya wageni.

Ukaja wakati wa kulipaka. Mimi na vanishi hatupatani. Inanuka, inakamata kila mdudu anayepita, na ukiipaka vibaya inateremka kama makamasi. Nilikuwa nimetazama kwenye simu watu wakipaka nta ya nyuki, mbao ikang'aa taratibu bila kelele. Nikanunua bonge la nta kwa muuza asali barabarani, likiwa bado linanata asali, nikaliyeyusha pamoja na mafuta ya nazi ambayo mke wangu hupaka nywele. Nikapaka nje. Nikapaka ndani. Nikasugua kwa fulana kuukuu, nikapaka tena. Ule wekundu wa mukau ulipotokeza nilirukaruka kwenye maranda, mwalimu mzima, baba wa watoto. Tundu la kitasa nilikuwa nimeshalitoboa, lakini kitasa chenyewe kilikosekana madukani. Nikasema nitakileta likizo.

Mke wangu alilipeleka kwa pikapu ya jirani. Mama akasema likae barazani hadi twende sote likizo ya Aprili, tumsogezee kitanda lipate nafasi.

“Amesema nini?” nilimuuliza mke wangu aliporudi.

“Amesema asante.”

“Asante tu? Alisemaje hiyo asante?”

“Kama asante.”

Wiki tatu sikuwa na raha. Meno yale! Hakuona meno yale?

Likizo ilipofika tulifika Kitui asubuhi, kitasa kikiwa mfukoni mwangu. Mke wangu alikuwa bado anahangaika na mifuko ndani ya gari. Mimi sikungoja. Sanduku niliona liko barazani, linang'aa, na nikalifuata kama ng'ombe aliyeona chumvi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko, hatua chache tu kutoka kwangu. Aliniona nikiinama. Mtu mwingine yeyote angeniambia. Yeye, kwa heshima, aligeuza uso ukutani na kumpigia kelele binti yake kule langoni:

“Mwambie bwanako asifungue hiyo sanduku!”

“Nini, mama?” mke wangu akajibu akiteremsha kioo.

“Asifungue! Mwambie iko na nyuki!”

“Baba watoto! Mama anasema—”

Nilikuwa nimefungua.

Sitasimulia dakika ile kwa kirefu. Nilicheza ngoma ambazo babu zangu walizisahau. Mke wangu alipandisha kioo na kubaki garini. Mlango wa karibu ulikuwa wa jiko, nikaurukia, na mama mkwe naye alikuwa ndio anaufunga, basi tukajikuta wote wawili ndani, mlango umefungwa, moshi umetuzunguka. Watu pekee duniani ambao hawakupaswa kukaa chumba kimoja. Pamoja nasi kulikuwa na kuku mmoja aliyeatamia kwenye kikapu.

Tulipeana mgongo. Alitupa majani mabichi motoni ili moshi uzidi. Kisha akasafisha koo.

“Wewe kuku,” akasema, “hebu uliza huyo mgeni kama macho inaona.”

“Kuku,” nikajibu, “mwambie mama moja linaona.”

“Mwambie akuje karibu.”

Nikasogea kinyumenyume, kisha nikamgeuzia shavu. Alinitoa miiba usoni kwa ukucha huku akitazama dari, akipapasa tu, na mara mbili alijaribu kunitoa pua. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Nikadhani analia.

“Kuku, uliza huyu mtu ni wa wapi. Amepaka nta ndani, ameacha shimo, na iko mahali hakuna mvua. Hata mtoto wa hapa anajua hiyo ni mzinga.”

Alikuwa anacheka! Nami nikaanza, na kadiri mdomo ulivyoniuma ndivyo nilivyozidi kucheka. Nyuki walikuwa wamehamia siku nne tu kabla, akamweleza kuku, na hakupiga simu kwa sababu zawadi ya mkwe haisemwi vibaya. Nikamuuliza kuku wangeondolewaje. Hawataondolewa, mama akasema, waliochagua nyumba wenyewe hawafukuzwi. Nikatazama majivu. Kazi yangu yote, na hakuna leso hata moja iliyowahi kulala mle. Furaha ilinitoka kidogo, sitadanganya.

Pengine aliiona shingo yangu inavyoinama, kwa maana aliacha kumsemesha kuku.

“Hiyo sanduku tuligeuza juu chini na jirani, siku ililetwa,” alisema. Sauti ilikuja moja kwa moja mgongoni kwangu. “Nikapapasa huko chini. Fundi wote wanaacha chini na vibanzi, mimi najua. Hii yako iko laini kama juu. Ulisumbuka hivyo ya nini? Nani angeona?”

Nilikuwa hata nimesahau. Siku ile randa ilikuwa inaimba na sikutaka kuacha, basi nikageuza sanduku na kuendelea.

“Nilikuwa nafurahia tu, mama,” nilisema, ingawa kwa mdomo ule yalitoka kama maneno ya mlevi.

Alichochea majani.

“Haya,” akasema. “Mimi nimeona.”